Nyimbo Nne za Tatul Kazezyan

Foleni ilianzia mlangoni mwa duka la viatu, ikapinda kona, ikapita mbele ya kinyozi, ikaishia karibu na bomba la maji ya kunywa ambako watu waliinama, wakanywa, wakarudi kwenye nafasi zao huku wakipangusa videvu. Tatul Kazezyan alijipanga bila kujua kinachouzwa. Ndivyo watu wa Yerevan, Armenia ya Kisovieti, walivyofanya mwaka ule wa sabini na tatu: ukiona foleni unasimama kwanza, maswali baadaye.

“Wanauza nini?” alimuuliza mwanamke aliyekuwa mbele yake.

“Buti za kike za Yugoslavia,” alijibiwa bila kuangaliwa. “Lete mkono.”

“Samahani?”

“Mkono, kaka, mkono!” Mwanamke aligeuka, akakishika kiganja chake, akaandika kwa wino: 113. Chake mwenyewe kilikuwa na 112. Kisha akamtia kalamu mfukoni. “Atakayekuja nyuma yako mwandikie. Ukiipoteza hiyo kalamu, hawa akina mama watakumeza mzima mzima.”

Alikuwa amevaa koti la rangi ya divai na skafu ya manjano, na nywele zake nyeusi zilikatwa fupi mpaka masikioni, mtindo ambao wazee wa mjini walikuwa bado wanaunung’unikia. Tatul, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, alikuwa ndani ya jaketi la marehemu baba yake ambalo mikono yake ilikomea juu ya vifundo. Alivuta mikono ya jaketi chini. Ikarudi juu.

Foleni ilisogea hatua moja, ikalala. Baada ya muda mwanamke aligeuka tena.

“Unavuma.”

“Mimi?”

“Kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Wimbo gani huo?”

“Bado haujaisha.”

“Umeusahau mwisho wake?”

“Sijautunga mwisho wake.”

Hapo alimtazama vizuri, kuanzia viatu hadi nywele. “Wewe ni mtunzi?”

“Nafundisha watoto kodiani. Kutunga natunga, ila Redio hawanitaki. Nimepeleka karatasi mara tatu, zimerudi mara tatu.”

“Jina lako nani?”

“Kazezyan.”

Mwanamke alipiga makofi, akacheka mpaka kinyozi akachungulia nje. “Kazezyan! Bahasha inayonuka bizari! Jamani, kumbe ni mtu! Mimi niko pale, idara ya muziki. Ukituma bahasha yako ofisi nzima inashikwa na njaa.”

Tatul aliona aibu ikimpanda shingoni. “Natungia jikoni. Mama yangu anapika.”

“Na kwa lafudhi hiyo, nyinyi ni wa waliorudi. Ahpar.”

Neno lenyewe maana yake ni kaka tu. Lakini wenyeji walilitumia kwa wale Waarmenia wa ughaibuni waliorudi na meli mwaka wa arobaini na saba, kutoka Beirut na Halab ya Syria na Marseille, na walilitamka kwa namna ambayo mtu alijua anaambiwa mgeni. Tatul aliletwa akiwa na miaka mitano. Alikuwa amelisikia neno hilo shuleni, jeshini, kwenye basi la umeme. Kinywani mwa huyu halikuuma, na hilo lilimshangaza.

Walipofika mbele, muuzaji alitangaza kwa sauti ya mtu aliyechoka kuchukiwa: “Saizi thelathini na saba, jozi moja. Ya mwisho.”

Mwanamke aliingiza mguu, ukakaa. Kisha akamtazama Tatul. “Wewe ulikuwa unamnunulia nani?”

“Mama.”

“Anavaa ngapi?”

“Thelathini na saba.”

“Hiyo umeitunga sasa hivi.”

“Wallahi sijatunga.”

Alifikiri kidogo, akakaza midomo, akazikumbatia buti. “Siwezi, ahpar. Baridi inakuja na mimi si malaika. Ila wimbo wako ukiisha, ulete mwenyewe mkononi. Usiutie kwenye bahasha. Uliza Nazeli Mirakyan.”

Tatul alirudi nyumbani mtaa wa Malatia mikono mitupu. Mama yake, Bi Zabel, alikuwa anakanda unga wa mikate ya nyama. Tatul alimwambia hakukuwa na buti, na siku hiyohiyo akamaliza wimbo.

Uliitwa “Dirisha la Ghorofa ya Nne”, na ulianza hivi:

*Fungua dirisha, ghorofa ya nne,*
*niko huku chini na maneno manne;*
*matatu yamenitoka, la nne nisemeje?*

Baraza la Sanaa la Redio lilikaa kuujadili: wanaume watano, sigara tano, na Nazeli pembeni akiandika kumbukumbu. Mkuu wa idara, Ndugu Shahen, alikuwa mtu mpole mwenye miwani minene ambaye kila uamuzi ulimpa kiungulia.

“Wimbo una huzuni,” alisema Ndugu Shahen. “Halafu kwa nini kijana huyu amekaa chini? Kijana wa leo hapandi ngazi?”

“Lifti imeharibika, ndugu,” alisema Nazeli bila kuinua kichwa.

Wote watano waliishi kwenye maghorofa. Walicheka mpaka wakakohoa, na wimbo ukapita.

Kufikia majira ya aprikoti, uliimbwa kwenye kila ua. Tatul alikuwa akipita chini ya madirisha anausikia ukimfuata kutoka jiko hadi jiko, na hakuna aliyejua kwamba yule mwenye jaketi fupi ndiye mwenye mali. Nazeli alijua. Walikutana kila Alhamisi kwenye mkahawa wa nje karibu na jumba la opera, na kila Alhamisi Nazeli alikuja na vazi lililomfanya Tatul asahau alichotaka kusema: gauni la kitani jeupe lisilo na mikono, siku nyingine blauzi ya kijani yenye vifungo vya mfupa alivyovishona mwenyewe.

“Ahpar wangu leo kimya,” alimtania. “Maneno matatu yamekutoka tena?”

“Na la nne limekwama.”

“Lisukume na kahawa.”

Nyumbani kwa Tatul hakukuwa na simu. Kwa Nazeli ilikuwepo, lakini ilikuwa mikononi mwa baba yake, meneja wa kiwanda cha saa, ambaye aliipokea kama mlinzi wa mpaka. Tatul alikuwa anaingia kwenye kibanda cha simu, anatumbukiza kopeki mbili, anavuta pumzi.

“Haloo?”

“Shikamoo, mzee. Naomba kuongea na Nazeli.”

“Nani anamtaka?”

“Maktaba.”

“Maktaba gani inapiga simu Jumapili?”

“Kuna kitabu amechelewa kurudisha, mzee.”

“Wiki iliyopita mlisema hivyohivyo. Binti yangu anakula vitabu?” Kisha sauti ikasikika ikiita ndani ya nyumba: “Nazeli! Yule wa maktaba! Mwambie siku moja maktaba ije mezani tuione sura yake!”

Maktaba ilikwenda. Ikala majani ya mzabibu yaliyoviringishwa, ikanywa konyaki ya mzee, ikapiga kodiani. Baba alimkubali kwa shingo upande, mama akamkubali kwa machozi. Wimbo wa pili ukapita Baraza, wa tatu ukapita, wa nne ukarekodiwa na okestra nzima, zeze ishirini na mbili. Ulikuwa wa Nazeli, na haukumtaja mahali popote.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Tatul hakulisema.

Bi Zabel alikuwa na dada mmoja tu duniani, Vartuhi, na mara ya mwisho walionana bandarini Beirut, ile siku ya meli. Vartuhi alisema atafuata mwaka ujao. Hakufuata, alikwenda Marseille akashona nguo za watu. Bi Zabel aliomba kibali cha kwenda kumwona mara mbili, akanyimwa mara mbili. Mara ya tatu karani alimwambia ombi la mjane peke yake halipokelewi tena. Familia iombe pamoja, kuhama moja kwa moja, au isiombe. Basi Tatul akatia sahihi yake chini ya ya mama. Wiki sita baadaye alisimama kwenye foleni ya buti.

Hakutaka kuhama. Alitia sahihi kama mtu anavyomshika mzazi mkono wakati wa kuvuka barabara, akiamini jibu litakuwa lilelile. Mara ngapi alitaka kumwambia Nazeli! Alhamisi baada ya Alhamisi alijipanga, na Nazeli alikuja anacheka, Tatul akaona hawezi kukiharibu kile kicheko kwa jambo ambalo huenda halitatokea.

Lilitokea mwezi Novemba mwaka wa sabini na nne, na halikuanza kwa kelele. Lilianza kwa kukosekana. Kila Jumapili saa sita mchana kulikuwa na kipindi cha nyimbo za maombi, na kila Jumapili walipiga “Dirisha”. Jumapili hiyo hawakupiga. Iliyofuata hawakupiga. Tatul alikwenda kibandani.

“Nazeli, mpenzi, kuna nini? Wimbo—”

“Hapa hakuna mtu wa jina hilo,” ilisema sauti ya Nazeli, baridi kama bomba la chuma, na simu ikakatwa.

Alipiga tena. Safari hii alikuwa baba. “Kijana, usipige hapa tena. Nakuomba kwa heshima. Nina mtoto mwingine chuo kikuu.”

Kesho yake alikwenda Redio. Askari wa mlangoni, ambaye mwezi uliopita alikuwa akimwita maestro, alitazama kitambulisho chake kana kwamba kimeandikwa Kichina. Tatul alizunguka nyuma ya jengo, akamkuta fundi wa studio akivuta sigara. Fundi alipomwona alitazama kushoto, akatazama kulia.

“Ondoka hapa, kaka. Ilikuja orodha. Wote walioomba kuhama. Wewe ni wa saba.”

“Na kanda?”

“Zimefutwa. Zote nne. Kanda ni adimu, unajua wewe. Juu yake wamerekodi hotuba za wakulima wa pamba.”

“Nani alitia sahihi?”

Fundi alikanyaga sigara iliyokuwa bado ndefu. “Usiniulize mimi.”

“Nakuuliza wewe.”

“Mirakyan.”

Tatul hakukumbuka alivyofika nyumbani. Alikumbuka tu kwamba njiani mtu fulani alikuwa anauza makomamanga, na kwamba alisimama mbele ya yale makomamanga muda mrefu mno mpaka muuzaji akamuuliza kama anaumwa. Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu wa shule ya muziki alimwita, akamwekea karatasi na kalamu, akamwomba aandike kwamba anaacha kazi kwa hiari yake. “Nina watoto watatu, Tatul jan, mpendwa wangu,” alisema, na alikuwa karibu kulia. Tatul aliandika. Alimwonea huruma.

Alimsubiri Nazeli kituo cha basi la umeme, theluji ya kwanza ikiyeyuka barabarani. Nazeli alitoka kazini amevaa kofia ya manyoya iliyomfunika mpaka nyusi. Alipomwona hakukimbia. Pengine ingekuwa afadhali angekimbia.

“Umenifuta,” alisema Tatul.

“Ulikuwa unaondoka.”

“Zote nne, Nazeli. Hata ule wa nne.”

“Ulikuwa unaondoka, na kila Alhamisi ulikaa mbele yangu ukanywa kahawa! Mwaka mzima na zaidi! Nimesoma jina lako kwenye karatasi, mbele ya Ndugu Shahen. Unajua alisema nini? ‘Kumbe hukujua, binti?’ Alinionea huruma. Shahen! Mtu ambaye hawezi kuamua ale nini mchana!”

“Ni kwa ajili ya mama. Nilijua watakataa.”

“Basi kwa nini hukuniambia?”

Tatul alivuta mikono ya jaketi chini.

“Nikwambie watu wanasema nini pale ofisini?” aliendelea Nazeli. “Kwamba ulinishika mkono ili ukamate mikrofoni. Kwamba ulitaka jina upeleke Ufaransa.”

“Na wewe unaamini?”

“Sijui. Hilo ndilo linaloniua, sijui.”

“Ungekataa kutia sahihi.”

“Ningekataa, angetia mwingine, na mimi ningekuwa nje, na kaka yangu nje ya chuo. Lakini usinitafutie udhuru. Nilitia. Nilivaa vipokea sauti, nikazisikiliza moja moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikampa fundi. Mikono yangu hii.” Alimwonyesha mikono ndani ya glavu, kana kwamba angeweza kuona kitu. “Sasa nenda Marseille.”

Basi lilikuja, likamchukua. Tatul alisimama maji ya theluji yakiingia viatuni. Hapakuwa na mtu wa kumkasirikia mpaka mwisho. Kila aliyemfikiria alikuwa na mtu nyuma yake aliyemsukuma, na nyuma ya huyo mwingine, na mwisho wa foleni hiyo hauonekani.

Jibu la ofisi ya vibali lilikuja mwezi Machi. Karani, mwanamke mwenye vidole vyenye wino, alilisoma kwa sauti kwa sababu Bi Zabel alisahau miwani.

“Raia Kazezyan Zabel, mstaafu: anaruhusiwa kuondoka. Raia Kazezyan Tatul…” Alisita, akalisogeza karibu. “Haruhusiwi. Mtunzi wa muziki, mwenye thamani kwa utamaduni wa taifa.”

“Rudia,” alisema Tatul.

Karani alirudia.

“Dada yangu, hakuna redio inayonipiga. Hakuna shule inayonichukua. Nimefutwa kwa sababu nimeomba kuondoka. Sasa mnaninyima kuondoka kwa sababu nina thamani?”

“Hiyo ni ofisi nyingine,” alisema karani kwa upole. “Sisi hatuhusiani na redio.”

Tatul alianza kucheka. Alicheka ukumbini, akacheka kwenye ngazi, na nje kwenye jua la Machi mama yake akamshika uso kwa mikono miwili mpaka kicheko kikageuka kuwa kilio kilichokuwa ndani yake.

“Siendi,” alisema Bi Zabel jikoni siku hiyo. “Imekwisha. Nitamwandikia Vartuhi.”

“Mama, Vartuhi ana moyo mgonjwa. Barua yake ya mwisho imeandikwa na jirani.”

“Na wewe nikuache na nani? Na kodiani?”

“Ukikataa sasa hutapewa tena.”

“Wameniwekea mezani mtoto na dada, eti chagua. Hata sokoni hawauzi hivyo.” Alikaa, akainuka, akapangusa meza iliyokuwa safi. “Ningekufa kabla hawajajibu ingekuwa rahisi kwa kila mtu.”

“Usiseme hivyo, mama.”

“Nisemeje, basi? Nifundishe wewe, mtunzi.”

Tatul alimshika mabega, na mama yake alikuwa mdogo kuliko alivyokumbuka.

Kitu ambacho Tatul hakukijua ni kwamba asubuhi ya Jumatatu iliyofuata Bi Zabel alivaa gauni lake jeusi la sikukuu, akafunga mikate ya nyama kwenye kitambaa, akaenda Redio. Askari alimwambia hana ruhusa ya kuingia. Bi Zabel alisema hana haja ya kuingia, ana haja ya kutokewa, akaketi kwenye ngazi. Alikaa pale kuanzia saa tatu asubuhi, harufu ya bizari ikipanda ghorofa kwa ghorofa, mpaka saa saba Nazeli alipotoka.

“Wewe ndiye Nazeli,” alisema. “Mimi ndiye mama wa mwongo. Kula kwanza.”

“Mama, mimi…”

“Kula. Mwanangu ni mwoga, si tapeli. Ile sahihi niliiomba mimi, nikiwa nalia, na yeye tangu utotoni hawezi kuona nikilia. Mwezi ujao naondoka peke yangu. Sikuombi umsamehe. Nakuomba tu ujue unamkasirikia nani. Nikasirikie mimi, mimi nitakuwa mbali, haitanisumbua.”

Nazeli alikula mkate ule amesimama, machozi yakimdondokea kwenye kitambaa.

Siku ya safari uwanja wa ndege ulijaa watu waliokuwa wakilia kwa zamu. Bi Zabel alikuwa na sanduku moja na koti zito, ingawa kulikuwa na joto, kwa sababu koti lisingeingia sandukuni. Tatul alikuwa anamfungulia na kumfungia kifungo kilekile. Mara akaona mama yake anatazama nyuma ya bega lake na uso unabadilika.

Nazeli alikuwa amesimama karibu na nguzo, kwenye blauzi ya kijani, nywele zimerefuka mpaka mabegani. Mtu yeyote wa Redio angemwona pale, kesho yake kungekuwa na maswali. Alikuja hata hivyo. Akapita mbele ya Tatul bila kumtazama, akamkumbatia Bi Zabel.

“Mama, usijali. Anakula vizuri?”

“Anakula akikumbushwa.”

“Basi nitamkumbusha.”

Bi Zabel alimbusu macho yote mawili, akambusu mwanawe, akasema kitu kwa lafudhi ya Halab ambacho hakuna aliyekisikia kwa kelele za injini, akapita mlango wa kioo. Aligeuka mara moja. Upande wa pili wa kioo alionekana kama anaongea. Kisha askari akamwelekeza, na hakuonekana tena.

Walibaki wawili.

“Wewe una thamani kwa taifa, nasikia,” alisema Nazeli.

“Ndivyo ilivyoandikwa.”

“Taifa lina bahati.” Alimgeukia. “Samahani, Tatul. Kwa zile kanda.”

“Samahani kwa zile Alhamisi.”

“Ahpar mjinga.”

“Ndiyo.”

“Mwoga.”

“Ndiyo.”

“Nishike basi, watu wanaangalia.”

Alimshika. Alihisi moyo wake ukipiga chini ya kitambaa cha kijani, na akafikiri kwamba wakati huohuo ndege ilikuwa inainuka, na kwamba hakuwa na mikono ya kutosha.

Mambo hayakuwa mazuri baada ya hapo, yalikuwa yanavumilika. Tatul alipata kazi ya kupiga kodiani kwenye arusi za vitongojini, ambako hakuna aliyeuliza jina. Nazeli alihojiwa, akashushwa kutoka idara ya muziki mwepesi hadi maktaba ya nyimbo za asili, chumba cha chini kisicho na dirisha. “Sasa mimi ndiye maktaba,” alimwambia baba yake, na mzee hakucheka. Mama alipiga simu mara moja kutoka Marseille, dakika tatu, Tatul akiwa amesimama posta kuu kibanda namba sita. Dakika ya kwanza alilia, ya pili alimweleza kwamba Vartuhi amekuwa na sura ya mama yao. Ya tatu aliuliza, “Umemuoa?” na laini ikakatika kabla hajajibu. Julai Vartuhi alifariki. Bi Zabel aliomba kurudi. Walimjibu ombi litashughulikiwa.

Siku moja ya Septemba, saa kumi jioni, Nazeli aliingia jikoni Malatia bila kubisha. Alikuwa na vumbi la chumba cha chini kwenye sketi na kadi tupu ya maktaba mkononi.

“Keti,” alisema.

“Nimeketi.”

“Watafiti wetu wamerudi kutoka milimani na kanda mpya. Wamerekodi bibi mmoja wa miaka themanini, anaimba nyimbo za arusi. Leo nilikuwa naziorodhesha. Wa kumi na moja…” Alishindwa, akaimba polepole:

*Fungua dirisha, nyumba ya nne,*
*niko huku nje na maneno manne…*

“Nyumba?” alisema Tatul.

“Kijijini hawana ghorofa. Wameurekebisha. Na pale mwisho ameongeza ubeti, Tatul. Mzuri. Mzuri kuliko wako.”

Tatul aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Alitaka kuuliza maswali kumi, akauliza moja. “Watafiti hawajui?”

“Vijana kutoka Leningrad. Wamesema ni wa karne ya kumi na nane.”

“Ya kumi na nane!”

“Ndugu Shahen anajua. Alivua miwani, akaipangusa, akasema ana miadi na daktari. Ameniachia kadi nijaze mimi.” Aliiweka mezani. Kulikuwa na mistari mitatu: jina la wimbo, mahali, mtunzi. “Nikiandika jina lako, kanda inafutwa kesho na mimi natoka. Nikiandika hajulikani, utapigwa Jumapili saa sita, na Jumapili nyingine, na utakaa kwenye rafu miaka mia. Sitatia tena sahihi juu yako bila wewe. Niambie.”

Chai ilikuwa inachemka. Tatul aliitazama kadi. Alijaribu kutafuta hasira, akaona imebaki kidogo, na hiyo kidogo haikuwa na mahali pa kwenda.

“Huyo bibi anaitwa nani?”

“Mariné. Anasema alifundishwa na upepo.”

“Andika,” alisema. “Andika hajulikani.”

Nazeli alifungua kalamu. Aliandika taratibu, kwa herufi nzuri za mwanafunzi. Tatul alimwangalia akiandika. Ndipo lile neno lililokuwa limekwama tangu Alhamisi ya kwanza likatoka lenyewe, bila muziki.

“Nioe.”

“Mwanamume ndiye anayeoa, ahpar.”

“Basi nikuoe. Sina kazi, sina jina, mama hayupo wa kukuposa. Na nyimbo tatu nyingine hazipo tena.”

“Unajua kubembeleza, wewe.”

“Nazeli.”

“Nimeshasema ndiyo kwa mama yako uwanja wa ndege. Wewe tu ndiye ulichelewa kusikia.” Alipuliza wino ukauke, akalia kidogo, akazima chai kabla haijafurika.

Jumapili ile walifungua madirisha. Ua mzima ulikuwa nje: wanaume kwenye mchezo wa nardi, akina mama wakitoa mbegu za pilipili za kusagwa kwa msimu wa baridi, viganja vyekundu. Redio ya jirani, Bi Araksi, ilikuwa kizingitini. Saa sita mtangazaji alikohoa.

“Wimbo wa asili kutoka milimani. Mtunzi hajulikani.”

Sauti ya bibi wa miaka themanini ilitoka, kavu, bila ala hata moja. Wanaume waliacha kete. Bi Araksi alisikiliza akiwa ameshika pilipili juu, na ulipokwisha akajifuta macho kwa kiwiko.

“Tatul jan, wewe ni mtu wa muziki, ulishawahi kuusikia huu?” aliuliza kwa sauti kutoka chini. “Bibi yangu alikuwa akiuimba nikiwa mtoto, Mungu amrehemu. Nakumbuka kila neno.”

Nazeli alimshika mkono, akaubana kwa nguvu. Tatul aliegemea dirishani, akamtazama yule mama mzee mwenye macho mekundu.

“Nimewahi, Bi Araksi,” alisema. “Bibi yangu pia aliuimba.”